Jibu Nililompa Shemeji Agneta

Shika Adabu, Likoni
Jumatatu

Kwa kaka yangu Ngowa,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itawakuta wazima hapo Magogoni, wewe na shemeji Agneta, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Mimi sijambo, kidonda cha bega kimefunga. Utashangaa ninaandika ilhali simu ipo na feri ipo. Juzi nilifika mpaka mlangoni kwenu, nikamsikia shemeji akiimba jikoni, nikarudi.

Umeniuliza mara nyingi vita vilikuwaje, nami nikakwepa. Mimi na mwanao Tinga tuliahidiwa kazi ya kulinda maghala ng'ambo. Tulipofika tulitia sahihi mkataba wa lugha tusiyoijua, na baada ya siku kumi na mbili za mazoezi tukapewa bunduki. Kamanda alituambia nchi tunayoivamia ni ndogo kama kiganja, jeshi lake ni la walimu na wakulima, litaanguka kabla ya Jumapili.

Halikuanguka. Sisi tulikuwa wengi hata chakula hakikututosha. Wao wachache, lakini kila handaki walilijua kama uani kwao. Walituacha tuingie shambani, kisha droni zikaanza kuvuma juu yetu kama nyuki. Asubuhi ya kwanza tulitoka ishirini, tukarudi sita. Kesho yake tukaongezewa wengine, tukasukumwa palepale, na kamanda akaapa kuwa atakayerudi nyuma atapigwa risasi na wenzake. Tinga aliniuliza, "Baba mdogo, kwani hawa wametukosea nini?"

Siku ya nne nilitekwa. Hilo mnalijua. Niliwaambia Tinga naye alitekwa, kwamba yuko kambi nyingine akingoja kubadilishwa na wafungwa wengine. Kaka, nilisema uongo. Siku niliyoshuka uwanja wa ndege baada ya kuachiliwa, shemeji alinishika shati mbele ya watu akaniuliza, "Mwarandu, umemwacha hai?" Nikasema hai. Neno lilinitoka lenyewe, na kila siku inayopita linazidi kuwa zito kulirudisha.

Tinga alipigwa kifuani, hatua tatu mbele yangu. Aliniita mara mbili. Sikumwendea. Nililala handakini nikaziba masikio mpaka akanyamaza. Walionikamata ndio walionipeleka alipolala. Askari wao mmoja mwenye ndevu za mvi alinipa koleo, akaona bega langu linavuja damu, akalichukua tena koleo akachimba yeye. Nilimsomea Tinga Baba Yetu kwa Kigiriama. Yule adui alivua kofia yake ya chuma, akasimama hadi nilipomaliza.

Nasikia shemeji anazunguka maofisini na picha ya mwanawe. Usimwambie wewe, ni mimi niliyemdanganya. Nitakuja Jumamosi asubuhi. Mwite dada yetu Gladys awe karibu naye. Akitaka kunipiga, mwache anipige. Ila asiendelee kumtandikia Tinga kitanda.

Nawasalimu wote hapo nyumbani, ingawa leo nashindwa kuwataja kwa majina.

Mdogo wako,
Mwarandu