Nilimnyoa Mkwe Nusu Kichwa Nikisubiri Meseji ya Malipo

Mshauri wetu, nakuandikia nikiwa kwenye kiti changu cha kazi, maana nyumbani hakukaliki, na usiponisaidia binti yangu atakosa ndoa na mimi nitamkosa binti.

Mimi ni kinyozi, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kwa muda mrefu nilikataa kulipwa kwa simu, nikisema pesa ni ile inayokunjika, lakini wateja wakaanza kunikimbia, kila mmoja "fundi, sina noti, nikutumie?", basi nikakubali, nikabandika namba yangu kwenye kioo, na wiki hiyohiyo bwana mmoja aliyevaa tai akanionyesha meseji ya kughushi, akaondoka amependeza, nami nikabaki naitikisa simu kama chupa ya dawa. Ndipo nikaweka sheria: nanyoa nusu ya kichwa, unalipa, meseji ikiingia kwangu namalizia nusu ya pili. Usicheke, mshauri, ilifanya kazi, hakuna mtu anayetoroka na nusu kichwa.

Jumamosi asubuhi akaingia mzee nisiyemjua, katoka safari, suti imepigwa pasi, akasema, "Fundi, nitengeneze vizuri, leo nina ugeni mzito," nikamnyoa upande wa kulia, nikazima mashine, nikamwonyesha namba, akalipa, akasema, "Kwangu imeshakatwa," nikamwambia, "Kwangu haijaingia, mzee wangu, tusubiri," tukasubiri, mtandao umelala, wateja kwenye benchi wakaanza kutoa maoni, mmoja akasema, "Mzee, wewe salimia watu kwa upande tu, wape ule wa kulia," wakacheka, na mimi, nakiri, nikacheka, naye akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo huniamini?" nikamjibu kwa sauti ili benchi lisikie, "Mimi naamini meseji." Akavaa kofia yake, akatoka.

Saa tisa alasiri wakafika nyumbani watu waliokuja kumposa binti yangu, na baba wa mchumba alikuwa yeye, kakaa sebuleni na kofia, mke wangu ananinong'oneza, "Mbona mkwe havui kofia?" nami nakodolea zulia, mpaka dada yangu, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema, "Mzee wetu, hapa ni kwako, lete kofia tuitundike." Akavua. Sebule nzima ikageukia ile nusu ya kichwa, na papo hapo simu ikalia mfukoni mwangu, malipo yake yameingia. Mzee akasimama akasema, "Mwanangu haoi kwenye nyumba ambayo neno la mtu mzima linangoja mtandao," wakaondoka wote. Mpaka leo hajanyoa upande wa pili, anasema ni ushahidi, binti yangu haniamkii, na mimi bado naona sheria yangu ilikuwa sahihi. Je, nimwandikie barua, au nimrudishie tu pesa yake kwa simu?

Kinyozi, mzazi mwenye mashaka

*

Kinyozi,

Pole kwa kuibiwa na yule mwenye tai. Pole yangu inaishia hapo.

Nawajua watu wa aina yako. Miaka yote simu mnaitukana, halafu siku mnapoikubali mnaipa heshima ambayo hamjawahi kumpa hata mke. Meseji ikisema ndiyo, ni ndiyo. Mtu mzima akisema ndiyo, akae asubiri. Kampuni za simu nazo nimezisema sana katika safu hii, mtandao wao huanguka siku mtu anapouhitaji, lakini mtandao haukushika mashine yako, wala haukucheka pamoja na benchi. Ulicheka wewe.

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, sawa, lakini hafyeki mashamba ya watu. Ungeweza kuomba malipo kabla ya kuwasha mashine, kama wanavyofanya wakata tiketi, mtandao ukilala mteja arudi kwao na nywele zake zote. Miaka ishirini na miwili, na wazo hilo halijakupitia.

Tumefundishwa kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Huyu hakuchutama. Anatembea na aibu yako kichwani kweupe, watu waione kazi ya mikono yako. Mimi namheshimu, na mtu wa namna hiyo haandikiwi barua. Na ukithubutu kumrudishia pesa kwa simu, usiniandikie tena.

Sheria ya nusu kichwa ifute leo. Jioni ya leo kaa na binti yako umwambie, "Nilikosea," uishie hapo, bila lakini. Kesho asubuhi funga duka, chukua mashine na shuka safi, uende kwa mzee peke yako, bila mke na hasa bila dada yako. Usieleze habari za mtandao. Usimtaje mwenye tai. Omba waitwe mkewe na wanawe, useme: "Nilikudharau mbele za watu, nimekuja kuomba radhi mbele za watu." Kisha nyamaza, ingawa naona kunyamaza hujakuzoea. Akikupa kichwa, kinyoe chote, na suala la posa usiliguse; atalianzisha yeye akitaka.

Akikufungia mlango, rudi kesho yake, na kesho yake tena. Binti yako ana mchumba mmoja, wewe una miguu miwili.