Gari Jekundu la Baba Wakesho

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia uani huku nikiruka spana. Hakuna mahali pa kuanika nguo. Kwenye kamba yangu Mwakio, mume wangu, amening'iniza bomba la moshi la gari lake, ati rangi ikauke. Harusi ya binti yetu Wakesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Wageni watakaa wapi? Juu ya tairi?

Wenzake waliostaafu naye kazi ya reli wanafuga kuku. Yeye aliona picha kwenye simu: gari la kizamani, la wazi, halina paa wala milango, injini iko nje nje, tairi za nyuma nene na za mbele nyembamba. Tangu hapo sina mume, nina fundi. Fremu ni ya pikapu iliyokuwa ikiozea huko Maungu. Pua ameikunja mwenyewe kwa bati la pipa. Rangi nyekundu. Naliona hata nikifumba macho.

Jumatano, 6 Agosti

Sasa najua haraka yote hii ni ya nini. Anataka kumpeleka Wakesho kanisani na hilo dude. Kutoka hapa Voi mpaka Wundanyi! Zile kona zote za kupanda kutoka Mwatate! Nimemuuliza kama ana akili timamu. Anasema alimwahidi mtoto akiwa bado shule ya msingi, kwamba siku ya harusi atamwendesha mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe. Hatujawahi kuwa na gari. Wakwe wametoa gari zuri jeupe, lina paa na madirisha. Hataki hata kulisikia.

Ijumaa, 8 Agosti

Kaniletea ngozi bandia nimshonee viti. Kwenye cherehani ile ile yenye gauni la bibi harusi. Sindano mbili zimevunjika. Nimeshona. Sijui kwa nini nimeshona. Nimejikasirikia kuliko nilivyomkasirikia yeye.

Jumapili, 10 Agosti

Hakuja ibadani. Alikuwa akilijaribu gari. Amefika Mraru tu, injini ikachemka. Mraru! Barabara tambarare kabisa! Nikamwambia mbele ya dada yake kwamba ataniulia mtoto. Akala ugali wake, akarudi uani.

Nimempigia Wakesho huko Mombasa nikitaka akatae. Akacheka. "Mama, mwache. Mimi nitapanda." Basi mbaya ni mimi.

Alhamisi, 14 Agosti

Ametia radieta kubwa ya lori, ati maji yapooze injini. Pua haifungi tena, imeachama kama mtu aliyelala matanga. Breki fundi wa mjini amezipima na kusema ni nzuri. Wageni wameanza kufika, na badala ya kumenya viazi wanapiga picha wakiwa wamekalia viti vyangu. Shangazi mzima wa watu ameshika usukani na kupiga honi. Nimechoka. Naogopa pia. Nikimwambia naogopa atanieleza habari za radieta.

Jumamosi, 16 Agosti

Imekwisha. Niandike kabla sijasahau.

Tumetoka Voi asubuhi. Wao wawili mbele, Wakesho amejifunga kanga juu ya shela. Mimi nyuma katika gari la wakwe, nikiomba. Mwatate polisi akawasimamisha. Nikashukuru Mungu, nikajua atawazuia. Alitaka picha.

Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza, ya pili. Kisha mvuke, mweupe, mwingi, sikumwona mwanangu. Nilishuka nikikimbia, kiatu kimoja kikabaki garini. Mpira wa radieta ulikuwa umepasuka. Wakesho mzima. Baba yake ameungua kiganja.

Tukamhamishia bibi harusi kwenye gari jeupe. Simu zikawa zinapigwa kutoka kanisani, kasisi ana harusi nyingine baada yetu. Mwakio ameinamia injini. "Nyinyi nendeni. Nafunga huu mpira, nawakuta huko."

Namjua. Angemaliza jua likizama.

"Baba Wakesho, nani atamwingiza mtoto kanisani? Huo mpira?"

Akalitazama gari. Halina mlango wa kufunga, halina ufunguo wa maana, yeyote angeweza kulisukuma au kuling'oa vipande. Miaka miwili ya mikono yake, kando ya barabara. Nilidhani atabaki. Kweli nilidhani hivyo, na nilikuwa tayari kutomsamehe.

Akajifuta mikono kwenye suruali ya suti mpya. Akaja akajibana kati yangu na mlango. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Njia nzima Wakesho alimshika ule mkono usioungua.

Alimwingiza. Doa la grisi lilibaki kwenye mkono wa gauni nililoshona wiki tatu. Nililiona tangu mlangoni mpaka madhabahuni. Ingekuwa uongo kusema sikujali. Nilijali. Lakini nilikuwa nalia kwa jambo lingine.

Jumapili, 17 Agosti

Tumelala kwa dada yake Wundanyi. Asubuhi ukungu, baridi. Tukapata lifti kushuka, yeye na mpira mpya mapajani, mkono umefungwa bandeji. Sikuuliza huo mpira aliupata wapi siku ya harusi.

Gari lilikuwepo pale pale. Mtu amefunika viti kwa majani ya migomba visiloe umande. Hatukumwona wa kumshukuru. Mwakio aliondoa jani moja moja, akayapanga kando ya barabara kama vitu vya watu.

Mpira ukaingia. Injini ikawaka. Nikapandisha gauni langu, nikaruka ndani, nikakaa.

Tukashuka. Upepo ukanivua kilemba kabla ya Mwatate, kikaenda na mashamba. Akapunguza mwendo, akaniangalia kama mtu aliyekosa.

"Endelea tu," nikamwambia.