Neno la Kiingereza Lililombeba Mwanao

Kigoma, ng'ambo ya ziwa

Kwa mume wangu mpendwa, Baba Esteri,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa sauti ileile niliyokuwa nikikuitia chakula ukajifanya husikii. U mzima? Mama mkwe anaendeleaje, na kile kifua chake? Esteri amekua kiasi gani? Ng'ombe wamebaki? Najua nauliza hewani, kwa maana tangu uasi ulipofunga barabara sijapata neno lolote kutoka kwako, na watu wanaovuka kuja huku wanasema mengi kuhusu kule kwetu juu milimani, mengine sitaki kuyarudia. Mimi nimeamua uko hai, na ndivyo ninavyokuandikia. Kaa chini kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Umekaa? Baba Esteri, una mtoto wa kiume. Siku ile nilipoteremka kwenda Nyamianda, pale Uvira, kwa shangazi na siagi yangu ya kuuza, tayari nilikuwa naye tumboni na sikujua. Ningejua ningekuambia. Vita vikanikuta hukohuko mjini, njia ya kupanda ikafungwa, shangazi akanisukuma ndani ya mtumbwi akasema atanifuata. Hakunifuata, nasikia yuko palepale, amekataa kuiacha nyumba yake. Mtoto akazaliwa huku. Ameota meno mawili, anamchekea kila mtu, na masikio ameyachukua kwako, maskini. Ila hana jina. Watu wote wananishauri nimpe. Nimekataa, kwa sababu kwetu jina la mtoto hutoka kwa baba yake, nami sitampa mwanao jina la yatima wakati hakuna aliyeniambia kwamba ni yatima.

Sasa nikueleze alivyofika, maana humo mna jambo ambalo tangu nilijue sijatulia.

Sisi wakimbizi tunakaa mlimani, mbali na hospitali ya misheni. Uchungu ulinishika asubuhi, jua likazama, likachomoza tena, na mtoto bado. Akina mama wakasema huyu apelekwe hospitali. Gari hakuna. Wanaume wakakata miti miwili, wakafunga mkeka na blanketi, wakatengeneza ingobyi kama zile tunazobebea wagonjwa kwetu. Aliyeinama kushika mti wa mbele alikuwa Kashindi.

Wewe humjui. Ni mkulima kutoka Katogota, na wakati wa uasi alikuwa pamoja na wale waliofunga barabara pale Sange. Baadaye mambo yakawageukia, naye akakimbia kama sisi. Nilipomwona nikapiga kelele: "Huyu hapana! Minye siende na huyu!"

Hakukasirika. "Mama, utanichukia kesho," akasema. "Leo iko kazi. Lala."

Nikalala, ningefanyaje? Na unaijua desturi yetu: ingobyi ikipita njiani, kila mwanamume anayekutana nayo huweka chini alichobeba akatia bega, wala haulizi mgonjwa ni wa nani. Basi tukakutana na watu wa mjini wanatoka sokoni. Walipotuona wakadhani ni maziko. Wakajipanga kando ya njia, wakavua kofia, mzee mmoja akaanza kuniombea dua ya marehemu! Kashindi akasimama katikati ya njia akafoka: "Hapana maiti! Ni mumama, iko nazala! Mutie bega, mbona munaangalia tu?" Baba Esteri, katika maumivu yale nilicheka. Wale watu wakatazamana, wakaweka vikapu vyao chini, wakaja. Tangu hapo nilibebwa na mabega nisiyoyajua, wengine Waislamu, wengine Wakatoliki, mmoja akinuka samaki, hadi mlangoni.

Ndani alikuwepo mkunga mmoja, Zuhura, mwenyeji wa Ujiji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Alikuwa akimfundisha kazi msichana wa pembeni yake kwa Kiingereza, na kila nilipotakiwa kusukuma alirudia neno moja: bear. Hilo ndilo neno la kwanza la Kiingereza lililokaa kichwani mwangu, na mwanao alitoka likiwa bado linasemwa.

Nilipopata nguvu wakanipa kazi hapohapo, kwanza ya kufua mashuka, kisha ya kusaidia wodi ya wazazi. Chupa za dawa zimeandikwa Kiingereza, nami shuleni Uvira nilipewa Kifaransa tu, kwa hiyo mchana Zuhura anatufundisha. Nikamwuliza maana ya lile neno lake. Akacheka.

"Hilo neno lina kazi nyingi kuliko mimi," akasema. "Ni kuzaa. Ni kubeba. Ni kuvumilia maumivu. Na mti ukitoa matunda, ni hilohilo."

Nikamwuliza kama Waingereza wamepungukiwa maneno. Badala ya kunijibu akaenda kuleta kamusi moja nene iliyoachwa na daktari wa zamani, kamusi inayoeleza kila neno lilizaliwa wapi na lilipita wapi. Sikujua kama maneno nayo yana safari. Akawa anasoma, anatufasiria polepole. Inasema mwanzoni neno lile lilikuwa kubeba tu. Mengine yote yalitoka humo: aliyezaa ni aliyebeba, anayevumilia naye amebeba. Neno lao la mzigo limetoka hapo, na la kuzaliwa, na hata la machela ya kuwabebea wafu. Nilipolisikia hilo la mwisho niliwakumbuka wale watu na kofia zao mkononi. Walikosea kwa jambo dogo sana.

Kumbe neno hilo ni la zamani kuliko Waingereza wenyewe. Kabla hawajakuwapo, palikuwa na watu ambao leo hakuna ajuaye walijiitaje. Walitawanyika, wengine wakaenda Ulaya, wengine India, na kila kundi likaondoka na neno hilo kama mwanamke anayehama na chungu chake. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu. Nikaenda kwa Mzee Kanji, Mhindi anayeuza vitambaa karibu na soko, nikamwuliza mzigo kwao unaitwaje.

"Bhar," akanijibu, anakata kitambaa wala hakuinua macho.

Nikabaki nimesimama. "Mama, unanunua au hununui?" akauliza. Ningemwelezaje kwamba neno lake lilikuwepo wodini mwanangu alipozaliwa?

Si hayo tu. Unakumbuka souffrir, kuteseka, neno tulilofundishwa shuleni na kuchapwa fimbo tulipolikosea? Nalo ni la ukoo huohuo. Zuhura alilifuata ndani ya kamusi mpaka kwa Warumi: maana yake ni kubeba ukiwa chini ya mzigo. Miaka yote ile mwalimu hakutuambia. Tumeteseka, mume wangu, tangu mwaka ule wa uhuru uliponioa tukidhani mabaya yamekwisha. Sasa najua tulikuwa tumebeba, na anayebeba ana mahali anapokwenda. Sijui kama ni hekima au ni uchovu unaonisemesha, lakini limenitia moyo.

Halafu nikaikumbuka ingobyi. Hebu fikiri. Kwetu ingobyi ni machela ya mgonjwa. Ni ngozi ambayo mama humbebea mtoto mgongoni. Na wakunga wetu huliita hivyohivyo lile kondo linalomshika mtoto tumboni. Neno moja! Halikuletwa na mtu kutoka Ulaya wala India, na bibi zetu hawakuwa na kamusi. Wale watu wa kale wasio na jina na bibi zetu wa milimani hawakuonana kamwe, lakini wote walimtazama mwanamke mjamzito wakaona jambo moja. Nilipomwambia Zuhura alifunga kamusi. Mimi nilitoka nje nikalia. Sikulia kwa huzuni. Niliona ukubwa wa Mungu mahali ambapo sikuutazamia, nikaogopa, nikafurahi.

Kashindi hupita kutusalimu. Sijamsamehe yote, sikudanganyi. Nampa chai, anainywa mlangoni, anamtazama mtoto. "Huyu alikuwa muzito, mama," huniambia. "Bega yangu inajua." Mtoto anamchekea kuliko anavyonichekea mimi.

Jana Zuhura aliniletea maana moja aliyokuwa ameisahau. Waingereza husema mtu anabeba jina lake. Nikamwambia, basi hiyo ndiyo iliyobaki. Kumbeba nilimbeba, kumzaa nimemzaa, kuvumilia bado navumilia. Jina haliwezi kutoka kwangu.

Kwa hiyo nakuomba. Mama anayeleta barua hii ni mfanyabiashara wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, anavuka mara kwa mara. Atamwachia shangazi pale Nyamianda, na shangazi atatafuta mtu wa kupanda. Jibu si lazima uliandike. Mwambie mtu jina, naye amwambie mwingine, mpaka lifike ufukoni. Usihangaike kutafuta jina zuri. Likiwa chungu, kama yale majina mnayopenda kupeana katika ukoo wenu, litume hivyohivyo. Na kama ni wewe, Mama mkwe, unayesomewa barua hii kwa sababu mwanao hayupo, basi lichague wewe. Jina likifika nikaambiwa limetoka kwako, nitaelewa. Hutahitaji kunitumia neno jingine.

Mwambie Esteri ana mdogo wake, na asiguse shanga zangu. Msalimie shemeji yangu mchungaji wa ng'ombe, na mzee wa kanisa aliyetufungisha ndoa. Shangazi, wewe utakayeipokea barua hii kwanza, Mungu aulinde mlango wako. Hata yule ng'ombe mweusi aliyekuwa akinipiga teke mpe habari zangu, kama yupo.

Mimi ni mkeo anayekungoja,
Damarisi

Nami ni mwanao,
. . . . . . . . . . . .