Kiti cha Kichwa cha Dagaa

Mjomba wangu,

Korosho zimeanza kudondoka. Asubuhi hii nimeokota za kwanza chini ya Bibi Harusi, ule mkorosho wa karibu na choo ambao wewe ulisema hautazaa tena hata usomewe dua. Umezaa, weee! Mabibo yametapakaa chini mpaka mbuzi wa jirani wamehamia kwetu, nimewafukuza kwa kandambili. Nikaona nikwambie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Maana ilibaki kidogo tu tulipoteze shamba. Uliliacha kwa mtoto wa dada yako, yaani mimi, kama ilivyo desturi yetu. Lakini siku ya arobaini yako Mama Mkubwa alisema mbele ya wote, "Zuhura kazoea kupima vitenge sokoni Chikongola, mikorosho ataiweza?" Wakakubaliana nipewe msimu huu mmoja. Maua yakikauka, akodishiwe mtu wa mjini. Na mimi nimekaa hapohapo, Mjomba. Mimi niliyekuahidi pale kitandani kwako kwamba halitatoka mikononi mwetu!

Na mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, sikuwa nayo. Si mtani wako Mzee Issa aliichukua siku ya mazishi! Watu tunalia, yeye anaitoa barazani, anaivaa mgongoni, anapita nayo mbele ya jeneza akipiga kelele, "Huyu kafa na deni langu la utani! Mashine siitoi mpaka nikombolewe!" Nililia na kucheka kwa pamoja, machozi na makamasi. Mtani akichukua kitu msibani humnyang'anyi, ni haki yake.

Nikampelekea kuku. Kuku akamla, mashine hakuitoa. Nikampelekea ming'oko ya kuchemsha, sufuria nzima. Akala, akarudisha sufuria na salamu kwamba chumvi haikutosha. Huku mikorosho inachanua, umande mzito kila asubuhi, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ubwiri unga, ule ukungu unaokausha maua, hausubiri mtu. Kuazima haikuwezekana, kila mwenye mashine alikuwa shambani kwake. Siku moja nikauona ule unga mweupe kwenye maua ya Bibi Harusi. Nikakaa chini palepale nikalia.

Ndipo nikakukumbuka. Siku ile Mzee Issa alipokuibia jembe, nawe ukamwibia mlango wa banda la kuku. Mkeo anakusihi yaishe, wewe umeukalia mlango wa watu unasema, "Mtani haombwi. Mtani hujibiwa." Loo! Kumbe muda wote nilikuwa namwendea kwa kubembeleza, kama mgeni.

Kesho yake, wakati wa swala ya alasiri, yeye yuko msikitini. Nikaingia uani kwake, nikabeba kile kiti cha mninga alichokichonga mwenyewe, ambacho hata wajukuu zake hawathubutu kukikalia. Mkewe aliniona, akainamia mboga zake kama hakuniona. Nikakitia kichwani, nikapita nacho katikati ya kijiji kwa vigelegele, "Kichwa cha Dagaa, njoo ukomboe kiti!" Jina lile ulilompa nimelirithi pamoja na shamba. Wanawake wakanifuata. Nikakiweka barazani kwako, nikakaa, nikakunja nne.

Haikupita muda akaja mbio, pindo la kanzu kalishika mkononi, mashine mgongoni. "Mwizi! Mjomba wako alikuwa mwizi, na wewe mwizi!" Alipofika mbele yangu akasimama. Akaniangalia nilivyokaa. Mjomba, yule mzee alilia mbele ya watu mpaka nikataka kuinuka, akanizuia kwa mkono. Akaivua mashine akaiweka miguuni pangu, kisha akamgeukia Mama Mkubwa, aliyekuwa amesimama kati ya wale wanawake. "Nilidhani nimemzika mtani wangu. Shamba hili lina mwenyewe, msitafute mwingine."

Mama Mkubwa hajamtaja tena yule mtu wa mjini. Juzi kaja mwenyewe na jembe lake, kapalilia upande wa mihogo huku akinilaumu kwamba nimechelewa.

Ila alfajiri baada ya kurudishiwa mashine, nataka kutia salfa, nakuta tangi halina kifuniko! Mzee kakificha. Nikafunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, nikapuliza kabla upepo haujaanza, nikatoka shambani njano kuanzia kope hadi kucha. Watoto wa jirani walinikimbia. Ungecheka mpaka ukohoe.

Kifuniko anacho mpaka leo. Kila Ijumaa akitoka msikitini anakitoa mfukoni, ananionyesha kwa mbali, anakirudisha. Nami kila jioni nakaa kwenye kiti chake, hapahapa barazani kwako, anione akipita. Nimekukumbuka sana, Mjomba. Jioni ndiyo zaidi.

Mola akupe mapumziko mema. Shamba nitalitunza, na jambo jingine nakuahidi: kifuniko kipya sinunui, na kiti sirudishi. Siku mimi na Mzee Issa tukimaliza kudaiana, ndipo utakuwa umekufa kweli.

Binti wa dada yako,
Zuhura