Jiwe la Gathogo

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeosha pikipiki kumi na moja. Maji baridi kama barafu, vidole vimekufa. Hapa steji ya bodaboda hakuna mtu anang'arisha rimu kunishinda, na wanajua.

Jumamosi vijana wa kanisa tunaenda kuona bustani za lile shamba la mzungu ng'ambo ya mto. Miaka yote geti ilifungwa, siku hizi mtu analipa anaingia. Guka, babu yangu, ameomba nafasi kwa basi. Alitunza maua hapo akiwa kijana. Siku anaacha kazi, memsabu alimwambia jina lake litabaki pale. Baadaye mpishi wa hapo akamletea habari: limechongwa kwa jiwe, chini ya mti wa mtarakwa. Guka hajui kusoma. Hajawahi kuliona. Macho yanaingia ukungu, na anataka kuligusa kabla hayajazima.

Nimetangazia steji nzima. Mimi ni mtoto wa kwanza wa baba, kwa hivyo nilipewa jina la guka, Gathogo. Jiwe ni langu pia. Nani mwingine hapa ako na jiwe?

Ijumaa, 8 Agosti

Guka amepiga viatu rangi mara mbili. Nimemwambia labda jiwe limeandikwa "Usikojoe hapa." Amecheka mpaka akakohoa. "Wewe rika, una mdomo," akasema. Huniita rika kwa sababu ya jina.

Mke wa baba mdogo anakaribia kujifungua, mimba ya kwanza. Akizaa mvulana ni Gathogo mwingine, ndiyo desturi. Guka amemwambia, "Mtoto wako atapata jina la kwenye jiwe." Mama amemwaga chai akicheka.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyasi kama zulia. Mawaridi mpaka kizunguzungu. Nikatembea mbele kama mwenye shamba, nikiwaonyesha vitu nisivyojua. Ati hii ililetwa na meli. Waliamini wote isipokuwa Shiru, yule wa chuo kikuu.

Guka hakuulizia njia. Alienda moja kwa moja mpaka kwa mtarakwa. Mawe yalikuwa matano, madogo, yameota kuvu. Akapiga magoti na koti lake la Jumapili, akayapangusa kwa kitambaa. La nne lilikuwa lake. Nikasoma kwa sauti: GATHOGO. Watu wakapiga makofi. Guka akavua kofia.

"Na hapo chini?" akauliza. "Kumeandikwa nini?"

Nilikuwa nimeshaona. Niseme ukweli kwa karatasi: nilikuwa nimeshaona. Ningesema chochote. Mtunza maua hodari. Angeamini.

Shiru akasema, "Msomee basi, ama shule uliiacha kabla ya hizo herufi?"

Watu wakacheka. Mimi sichekwi. Nikasoma Kiingereza chote bila kukwama, halafu nikakitafsiri polepole, na sauti ya mhubiri: "Mbwa mwaminifu. Hakuwahi kumuuma mgeni."

Walianguka kwa nyasi. Hata mchungaji aligeuka akishika mdomo. Na mimi nilicheka. Nilibweka kidogo.

Guka alibaki amepiga magoti. Mkono ulikuwa bado juu ya jiwe. Akauliza, "Na hayo mengine?"

"Mbwa pia, guka. Yote ni makaburi ya mbwa wa memsabu."

Akarudisha kofia kichwani. Hakuna aliyemwinua. Aliinuka mwenyewe, mara ya tatu ndiyo akaweza.

Jumapili, 10 Agosti

Guka hakuenda kanisa. Mimi nilienda. Mtu nyuma yangu akapiga mluzi, ule wa kuita mbwa. Nikageuka kama mjinga. Benchi nzima ikatetemeka.

Jumatano, 13 Agosti

Steji yote sasa. "Gathogo, shika!" Wananitupia mfupa. Nimempiga mmoja, wengine wakanipiga. Mdomo umevimba. Wenye pikipiki wanaenda kwa yule muoshaji mwingine, asiyejua hata kukausha cheni.

Ninaweza kuwaambia jina ni la guka. Watasema ndiyo, tunajua.

Jumanne, 19 Agosti

Guka anaongea na kila mtu. Nikiingia anaangalia sahani. Leo aliniita "kijana." Kijana, lete kuni. Kama ninafanya kibarua hapa.

Jumapili, 24 Agosti

Mke wa baba mdogo amezaa. Mvulana. Tulienda wote, na uji na ndizi. Baba mdogo akamweka mtoto mapajani mwa guka na kusema, "Baba, huyu ni wewe."

Guka alimwangalia muda mrefu. Akamfunika miguu, kulikuwa na baridi.

"Mtafutieni jina lingine," akasema.

Kwetu jambo hilo halifanyiki. Mama aliniangalia, halafu akaangalia chini. Baba mdogo akamwita mtoto jina la baba ya mkewe.

Nimerudi kwa miguu, peke yangu. Jina limebaki na mimi tu.