Chai ya Jepchumba

Alhamisi, 1 Januari 2026

Mwaka mpya. Hiram amekubali! Si mambo makubwa — kutembea dakika kumi kila asubuhi, na chai bila sukari. Basi. Mimi nilikuwa na orodha ndefu, nikaikunja. Daktari alisema mtu akianza na mengi huacha yote, na mume wangu namjua. Sharti lake ni moja: nisimwambie mtu kwamba ana sukari. Majirani wasijue, kanisani wasijue. Anasema mzee wa kanisa akijulikana ni mgonjwa wanaanza kumshika mkono kwenye ngazi. Nimekubali.

Jumamosi, 3 Januari

Tumefika nguzo ya stima, tukarudi. Amevaa raba alizonunuliwa na Lynn, binti yetu. Ananung'unika eti anaonekana kama mwalimu wa michezo. Kwa kweli amependeza. Sikumwambia, atavimba kichwa.

Chai alikunywa akiniangalia kama mtu aliyeonewa. Aliimaliza lakini.

Jumatano, 7 Januari

Kumi na moja! Desemba ilikuwa kumi na sita. Kila Jumatano namdunga kidole na kile kimashine cha kupima sukari alichotuletea Lynn, na leo niliendelea kushika mkono wake hata baada ya kazi kwisha. Hakuutoa.

Jumatatu, 12 Januari

Sasa tunafika hadi posho mill, pale wanaposaga unga. Mguu umezoea. Shida ni huu mtaa wetu wa Kiamunyi. Ukipita haraka, unapungiwa mkono. Ukipita polepole, watu wanajua unawaendea wao. Leo jirani, Mama Shantel, ametuvuta ndani kwa chai. Kisha Kamande, rafiki ya Hiram, akatuita kutoka getini. Mke wake Jepchumba huletewa maziwa kutoka kwao Keringet, na chai yake anaipika kwa pamoja — maziwa, majani, sukari, yote kwenye sufuria. Huwezi kuomba yako kando. Na ukikataa kikombe, umeidharau nyumba. Hiram alikunywa. Akaongezwa. Mimi nikaangalia kalenda ukutani.

Ijumaa, 16 Januari

Jumatano sikumpima, niliogopa. Leo nimempima.

Kumi na tano. Nikapima tena nikidhani mashine imeharibika. Tukahesabu pamoja: vikombe vitatu njiani, siku tano mfululizo. Tunatembea dakika kumi, tunakunywa chai saa nzima! Nilicheka sana. Halafu kicheko kikageuka kilio, sikuweza kujizuia. Ndugu yake alikatwa mguu kwa sababu ya sukari hii hii, na mwaka haukuisha tukamzika. Nikamwambia waziwazi kwamba sitaki kumzika kwa ajili ya adabu. Alichukua kitambaa cha meza akanipangusa uso, na kilikuwa na makombo ya mkate.

Nikasema basi tuwaambie watu tumefunga, tuko kwa maombi. Akasema mzee wa kanisa hadanganyi juu ya kufunga. Kumbe kuhusu ugonjwa anaweza. Hilo nililimeza.

Jumapili, 18 Januari

Hatukutoka. Nampenda mtu huyu na ananichosha.

Jumatatu, 19 Januari

Naandika upesi, Jepchumba yuko bafuni kwangu ananawa uso.

Asubuhi Hiram alivaa raba zake bila kuambiwa. Tukafika kwa Kamande, tukaitwa, tukaketi. Jepchumba akaja na thermos. Hiram akafunika kikombe kwa kiganja.

"Usinimiminie, mama. Niko na sukari. Tangu Novemba."

Moyo wangu! Nilitaka kumkumbatia hapo hapo mbele ya watu. Jepchumba akampa pole, akasema hakuna shida, atampikia turungi, chai ya rangi isiyowekwa kitu. Akageuka kwenda jikoni. Ndipo Kamande akasukuma kikombe chake katikati ya meza.

"Lete na yangu hivyo hivyo."

Jepchumba akacheka, akamuuliza tangu lini. Kamande alikuwa anaangalia zulia.

"Daktari aliniambia miaka mitatu iliyopita."

Jepchumba aliketi na thermos mapajani. Baadaye Hiram akamshika Kamande bega, wakatoka wawili, na kutoka dirishani niliwaona wakielekea posho mill polepole. Sisi tukabaki.

"Mama Lynn," Jepchumba akaniambia, "mimi ndiye nimekuwa nikimwekea sukari. Kila siku. Na nikimwongeza."

Nilimwambia hakujua. Nikamwambia tena. Nikamleta kwangu kwa sababu hakutaka kukaa na ile sufuria.

Wanaume hawajarudi, sasa ni karibu saa nzima.

Ametoka bafuni. Ameniomba nimwonyeshe namna ya kupima, ajue kabla Kamande hajarudi. Nimeanza kumweleza kwa maneno lakini hasikii. Ameketi mbele yangu na kunyoosha kidole chake mwenyewe. Anasema nimdunge yeye kwanza, anataka kujua kama inauma.