Kempa ya Turubai au ya Kuta Ngumu

Mpendwa Dada Imaculata, sasa hivi mwanangu Tulia wa miaka minne amekichana kwa uma kitenge nilichomtundikia kati ya viti acheze kambi, kisha akatoa kichwa akanguruma, "I'm a bear, Mama!", ati yeye ni dubu, nami badala ya kucheka nikaketi kukuandikia.

Naomba msaada, maana mume wangu Protas anataka kununua kempa, kile kijumba cha kupakia nyuma ya pikapu mkalala humo, twende kaskazini mwezi wa kumi, safari yetu ya kwanza tangu tufike huku ughaibuni, Richfield, na mimi natamani sana watoto wetu wawili waone kitu zaidi ya maegesho ya hapa nyumbani, ila kempa ziko mbili na inabidi tuchague leo. Moja paa lake linainuka na kuta zake za juu ni turubai tupu, nyepesi, lakini mimi nawaza kucha za dubu. Nyingine ina kuta ngumu, inafungwa kama friji, ila ni ndefu na nzito, na rafiki yetu Enock anasema, "Shemeji, kwa pikapu hiyo upepo utawalaza mtaroni." Usingizi hauji, dada.

Protas ananicheka, "Wewe wa Tanga unaogopa kila kitu, sisi wa Makete hata baridi tumeizoea," na kweli baridi hainitishi kwa sababu tutabeba jiko letu la mkaa, tuchome nyama nje halafu tuliingize ndani watoto walale na joto kama kwao Protas walivyofanya miaka yote, kwa hiyo moyo unaegemea kuta ngumu maana joto halitatoka, ila ule uzito, sasa nikubali ile au, ngoja, ananiita huko chini, "Mama Tulia! Muuzaji yuko kwenye simu, anataka jibu!" nami bado sija

*Jibu hili nilimtumia dakika ile ile. Nalichapa kwa ajili ya wengine wenye majiko.*

Mama Tulia, muuzaji asubiri. Umeniandikia dubu, umeniandikia upepo, halafu lile la kuua ukalipitisha katikati kana kwamba ni blanketi! Jiko la mkaa haliingii ndani ya kempa, iwe ya turubai, iwe ya kuta ngumu, hata makaa yakionekana yamefifia. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mnalala wote, na hakuna wa kumwamsha mwenzake. Wakwe zako walipona kwa bahati.

Sikulaumu, mdogo wangu. Hofu yako ni ya mama anayetazama, ila ulitazama upande mwingine.

Sasa uchaguzi. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko cha uzito ambao pikapu inaruhusiwa kubeba. Jumlisha kempa, maji, mizigo na nyinyi wanne. Ikizidi, ile ngumu muisahau, chukueni ya turubai. Dubu anafuata chakula: kifungieni pale wasimamizi wa kambi watakapowaonyesha, hata biskuti ya mtoto isibaki kitandani. Joto litoke kwenye hita ya kempa yenyewe, inayotoa moshi nje, na king'ora cha hewa ya sumu mkipime kabla ya kuondoka. Kama hita hakuna, ngojeni Juni.

Na hili la jiko shuka ukamwambie Protas mwenyewe, leo. Akinuna, mwache anune. Mtu anayenuna anapumua.